KIFURUSHI KIPYA KATIKA KOMPYUTA YA MSHAHARA



Katika masomo yaliyotangulia tulisoma karatasi ya mshahara mstari kwa mstari, kisha tukasoma namna ya kudai mizani ikaguliwe mbele ya wachumaji wenyewe. Leo tunaingia mahali ambapo wengi wetu huona haya kuingia, yaani ndani ya kompyuta inayotoa karatasi hiyo. Msione haya. Sisi tunaoandika hapa tuliishia darasa la saba, na kompyuta tumeikuta ukubwani. Tulichofanya ni kukaa na vijana mafundi wa kompyuta hapa Katwe, jioni baada ya kazi, tukawauliza mpaka wakachoka kutujibu. Mara nyingine walicheka maswali yetu. Tuliwaacha wacheke, kisha tukauliza tena.

Jambo lenyewe ni hili. Kompyuta ya mishahara, mizani ya umeme inayopima majani ya chai, saa ya mlangoni inayosoma alama za vidole, zote hizi hubadilishwa ndani mara kwa mara. Husikii spana wala nyundo, wala humwoni fundi akijifuta grisi. Asubuhi mashine ni ile ile kwa nje, lakini ndani kumewekwa kitu kipya. Kikikaa vizuri hakuna anayejua. Kikikaa vibaya, mfanyakazi hukatwa siku, au hukatwa kilo, au hulala bila mshahara, na akienda ofisini kuuliza huambiwa, "Ni kompyuta." Somo letu linahusu jibu hilo la "ni kompyuta".

Injini moja, mikanda mingi

Ukitoka Clock Tower kuelekea Kibuye unaifahamu Katwe kwa masikio kabla ya macho. Hapa hutengenezwa mageti, majiko, mashine za posho, mashine za matofali na spea za kila namna. Wapo wanaotania kwamba kitu kikitoka Katwe ni cha bandia. Fundi wa Katwe mwenye heshima zake hajibizani nao. Huwasha mashine mbele ya mteja, hutia mahindi, hungoja unga utoke, ndipo hupokea pesa. Tutarudi kwa fundi huyu.

Tuseme karakana moja ina injini moja ya dizeli. Injini inazungusha shafti ndefu, na kwenye shafti kuna puli tatu na mikanda mitatu. Mkanda wa kwanza unaendesha mashine ya posho, wa pili unaendesha jiwe la kunolea, wa tatu unaendesha pampu ya maji. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo na injini yake. Sasa mwenye karakana akibadilisha injini, au akibadilisha tu kile kifaa kinachopima mwendo wake, zote tatu zitasikia. Pengine posho itasagika vizuri zaidi, na papo hapo mkanda wa pampu ukaanza kuteleza.

Katika kompyuta ni vivyo hivyo. Programu ya mishahara mara nyingi haina injini yake. Huning'inia juu ya injini ya pamoja ambayo mafundi huiita rantaimu. Rantaimu zinazojulikana sana ni Java na Python. Programu nyingi za ofisi, za hospitali na za benki huendeshwa na Java. Hapa Uganda Wizara ya Afya hukusanya ripoti za vituo vya afya kwa programu iitwayo DHIS2, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, nayo imeandikwa kwa Java. Kwa hiyo mwanachama akipeleka mtoto kituo cha afya na akaandikwa kwenye daftari, hesabu yake nayo huishia juu ya injini hiyo hiyo, ingawa mama hajapata kulisikia jina lake.

Na injini yenyewe huketi juu ya msingi. Seva nyingi msingi wake ni Linux. Linux hutolewa bure, kila mtu anaruhusiwa kuisoma ndani na kuibadilisha. Lakini haiji kwa kipande kimoja, huja kama mkusanyo wa maelfu ya programu zilizopangwa na kufungwa pamoja. Mkusanyo mmoja mkubwa ni Debian, ulioanza mwaka 1993. Mwingine ni Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nao hujengwa juu ya Debian. Neno ubuntu ni la watu wa kusini mwa Afrika, na sisi hatuhitaji mkalimani. Mswahili husema utu. Muganda husema obuntubulamu.

Gunia na lebo yake

Wenzetu wa viwanda vya chai wataelewa kifurushi upesi kuliko mafundi wenyewe. Majani mabichi hayaendi mnadani Mombasa. Hunyaushwa, hukatwa, huchachushwa, hukaushwa, huchekechwa, ndipo hutiwa katika gunia, na juu ya gunia huandikwa jina la shamba, daraja, uzito na namba ya mzigo. Mnunuzi hakuwapo shambani. Huitegemea lebo, na huonja.

Programu nayo huanza kama maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Hayo ndiyo majani mabichi. Mfungaji wa vifurushi huyachukua, huyapitisha katika mashine ya kuyageuza yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda, kisha huyafunga. Kwenye lebo ya kifurushi cha Debian au Ubuntu kumeandikwa jina la programu, namba ya toleo, jina la anayekitunza, aina ya kompyuta kinachofaa, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo ni lazima viwepo ili hiki kifanye kazi. Orodha hiyo ni muhimu sana. Bila hiyo mtu angeweka mashine ya posho mahali pasipo na injini. Mwisho hutiwa muhuri wa siri wa hesabu, ambao kompyuta ya kiwandani kwako huukagua kabla ya kufungua gunia. Mtu akitoa kitu na kuingiza kingine njiani, muhuri haukubali.

Wanaofanya kazi hii ni nani? Debian ina wanachama rasmi kama elfu moja, katika nchi nyingi, na Debian haiwalipi mshahara. Baadhi huruhusiwa na waajiri wao kuifanya saa za kazi, wengi huifanya usiku nyumbani. Ubuntu inayo kampuni nyuma yake, na hapo wapo wanaolipwa. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu tutalihitaji mbele.

Vyumba vitatu

Kwa kawaida Java hutolewa marekebisho mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mfungaji akishaifunga, huifungia kila aina ya kompyuta peke yake, kwa maana injini iliyofaa kwenye aina moja yaweza kukwama kwenye nyingine. Kisha huipitisha katika majaribio yanayokuja pamoja na Java yenyewe, nayo ni maelfu. Halafu huja jaribio ambalo sisi lilitupendeza zaidi: programu nyingine zinazoitegemea injini hiyo nazo hujaribiwa upya juu ya injini mpya. Yaani hawatazami injini tu, hufunga na mikanda.

Katika Debian kifurushi kipya huingia kwanza katika chumba kiitwacho sid. Majina ya matoleo ya Debian yametolewa katika filamu ya katuni Toy Story, na Sid ni yule mtoto wa jirani aliyekuwa akivunja vinyago, kwa hiyo jina limefaa. Anayeishi katika chumba hiki anajua kwamba kitu chaweza kumkatikia mkononi. Kifurushi hukaa humo siku mbili, tano au kumi, kwa kadiri ya haraka yake. Kisipoonekana na kasoro kubwa, na kisipovunja vifurushi vya wenzake, huhamia chumba cha pili, cha majaribio. Chumba cha tatu ni cha toleo imara, nacho hufunguliwa kwa watu wote kila baada ya miaka miwili hivi. Bookworm lilitoka Juni 2023, Trixie likatoka Agosti 2025.

Ubuntu ina utaratibu wake kwa toleo ambalo tayari liko mikononi mwa watu. Rekebisho la kawaida huwekwa kwanza katika chumba cha mapendekezo. Anayelileta analazimika kuandika ni madhara gani linayaondoa, lijaribiwe vipi, na wapi laweza kuleta matatizo. Hilo la mwisho haliachwi wazi, na mfungaji hajipitishi mwenyewe, kuna kikundi kingine kinachosoma na kukubali au kukataa. Rekebisho likishajaribiwa na kungoja angalau siku 7, huachiliwa kidogo kidogo, kwanza kwa sehemu ya kumi ya kompyuta, kisha nyingi zaidi kila baada ya saa chache. Taarifa za kuharibika zikiongezeka, bomba hufungwa.

Marekebisho ya usalama hayangoji hivyo. Mlango ukiwa umevunjika, kungoja siku saba ni kumkaribisha mwizi. Java mara nyingi hupita njia hii ya haraka, na hapo ndipo tunapofika kwenye kisa chetu.

Barua ya onyo

Mwisho wa Aprili 2021, katika kiwanda kimoja ambacho jina lake tunaliacha, mishahara haikutoka. Siku ya malipo umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, kompyuta ikawashwa upya, na programu ya mishahara ikakataa kabisa kulifungua daftari la wafanyakazi. Watu walingoja siku nne. Mwenye kupanga chumba anajua siku nne mwisho wa mwezi ni nini. Wakuu wa kazi walitafuta mwenye kosa, wakampata karani wa mishahara, mwanachama wetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta siku hiyo. Akaandikiwa barua ya onyo kwamba amegusa asichokijua.

Tawi halikupiga kelele. Liliomba jambo moja tu, kwamba daftari la mashine lisomwe. Kompyuta ya Ubuntu huandika yenyewe kila kifurushi kilichoingizwa, tarehe, saa, toleo la zamani na toleo jipya. Kila mwakilishi aliandike jina la daftari hilo katika kitabu chake, herufi kwa herufi, kwa maana fundi akilisikia atajua kwamba hamkuja kubahatisha: /var/log/apt/history.log.

Lilipofunguliwa lilionyesha kwamba siku tatu kabla ya malipo, alfajiri, kabla karani hajafika kazini, kompyuta ilijiwekea toleo jipya la Java. Hakuna mtu aliyeigusa. Seva za Ubuntu huja hivyo tangu zinapowekwa, marekebisho ya usalama hujishusha na kujiweka yenyewe. Mbona basi haikuharibika siku ile ile? Kwa sababu programu iliyokwisha kuwaka huendelea na injini ile iliyoipata ilipowashwa. Injini mpya ilikuwa imelala pembeni ikingoja. Umeme ulipokatika na kurudi, programu ikawaka juu ya injini mpya kwa mara ya kwanza.

Na injini mpya ilikuwa na badiliko. Marekebisho ya Java ya Aprili 2021 yalizima njia mbili za zamani ambazo kompyuta hutumia kuzungumza kwa siri, TLS 1.0 na TLS 1.1, kwa kuwa zilikuwa dhaifu na zinaweza kusikilizwa na mwizi. Badiliko lilikuwa la haki. Lakini daftari la wafanyakazi la kiwanda kile lilikuwa katika hifadhidata ya MySQL ya zamani, kwenye kompyuta ya pili ya zamani, ambayo haikujua njia nyingine yoyote. Java ikabisha hodi kwa lugha mpya, hifadhidata ikajibu kwa lugha ya kale, Java ikageuka ikaondoka. Si kiwanda kile peke yake, wiki zile jambo hili liliwakuta watu katika nchi nyingi.

Fundi alipoelewa aliiruhusu njia ya zamani kwa muda, mishahara ikatoka jioni ile ile, na baadaye hifadhidata ikabadilishwa. Barua ya onyo ilifutwa, nayo ilifutwa kwa maandishi. Wawakilishi wasikubali kufutiwa barua kwa mdomo.

Sasa tazameni kosa liliketi wapi. Waliofunga Java waliijaribu kwa maelfu ya majaribio. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na MySQL ile kuukuu ya kiwanda kile, wala asingeweza kuwa nayo. Jaribio hilo lilikuwa la kufanywa pale pale kiwandani, na halikufanywa. Turudi kwa fundi wa Katwe. Aliyechonga beringi ng'ambo aliipima huko kwao, lakini mahindi ya mteja huyu hutiwa hapa.

Je, tukatae marekebisho?

Wapo watakaosema basi zima kila kitu, kompyuta ibaki kama ilivyo. Tunawapinga. Kompyuta isiyorekebishwa ni nyumba yenye mlango wazi, na ndani yake kuna majina yetu, namba zetu za simu na alama za vidole vyetu. Tena kuna mambo ambayo dunia hubadilisha bila kukuuliza. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa yetu ya Afrika Mashariki. Tangazo la dunia la badiliko hilo katika vitabu vya saa vya kompyuta lilitoka siku chache tu kabla. Java mara nyingi hubeba kitabu chake yenyewe cha saa, mbali na kile cha Linux. Basi seva iliyorekebishwa Linux bila Java ingeweza kuwa na saa mbili kichwani mwake. Mwulizeni dereva wa lori la Juba, anayelipwa kwa masaa, kama saa moja ni kitu kidogo.

Kinachotakiwa ni kompyuta ya majaribio. Si lazima iwe ya bei, hata ile kuukuu iliyotupwa stoo yaweza kufaa. Huwekwa programu ya mishahara kama ilivyo kwenye seva, huwekwa nakala ya mishahara ya mwezi uliopita, na majina ya watu yakifichwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haimpi fundi ruhusa ya kuzagaza mishahara yetu. Kisha mwezi ule ule hupigwa hesabu mara mbili, mara moja juu ya injini ya zamani, mara moja juu ya mpya, na karatasi mbili hulinganishwa shilingi kwa shilingi. Kompyuta izimwe na kuwashwa kabla ya kusema imefaulu. Hilo la kuzima na kuwasha msilisahau, mmeona lilivyomponza karani. Toleo la zamani lihifadhiwe ili mtu aweze kurudi, pamoja na nakala ya daftari lote iliyochukuliwa siku hiyo hiyo. Na kazi hii isifanywe juma la mwisho wa mwezi, isipokuwa kuna hatari ya usalama isiyongoja, na ikiwa hivyo ofisi ya mishahara iambiwe mapema.

Mkono wa mfungaji

Tusije tukadhani kwamba wafungaji hawakosei. Mwaka 2006 mfungaji mmoja wa Debian aliona chombo chake cha ukaguzi kikilalamika juu ya mstari fulani katika programu ya kutengeneza funguo za siri, OpenSSL. Aliuliza wenye programu, akapata jibu lisilokamilika, akauondoa mstari. Nia ilikuwa njema. Mstari ule kumbe ndio uliokuwa ukichanganya bahati nasibu ya funguo. Tangu hapo kila kompyuta ya Debian, na ya Ubuntu iliyochukua kwao, ilikuwa ikitengeneza ufunguo kutoka fungu dogo sana: 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Ni kama mafundi wote wa mageti mjini wanunue makufuli katika sanduku moja lenye funguo chache, mwizi akajipatia sanduku zima. Iligunduliwa na kutangazwa tarehe 13 Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye, na mafundi ulimwenguni kote wakakesha wakibadilisha funguo.

Tunachokisifu katika habari hiyo ni kwamba ilitangazwa hadharani, na badiliko lilikuwa limeandikwa, kwa hiyo lilionekana lilivyoingia. Waajiri wetu wengine hawawezi hata kusema ni nani aliyebadilisha mizani jana.

Kisa cha pili kinatugusa zaidi kama chama. Kuna programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo. Ndogo, lakini iko karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja nchini Finland, bila mshahara. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsukuma kwa barua, kwamba anachelewa, kwamba awaachie wengine. Alieleza hadharani kwamba amezidiwa na kwamba kazi ile haimlipi. Akajitokeza msaidizi mwenye bidii aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa ameanza kuleta kazi nzuri tangu 2021. Kidogo kidogo akakabidhiwa funguo za ghala.

Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Ulifichwa, ndugu zetu, ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayetazama, na gunia lililofungwa halikuwa sawa kabisa na majani yaliyoonekana shambani. Tena mlango ule ulipata njia kwa sababu Debian na wengine walikuwa wameongeza kiraka chao kilichoiunganisha xz, kwa mzunguko, na programu ya kuingilia seva kutoka mbali. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeingia seva za watu bila kubisha.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mtengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft. Alikuwa akipima mambo yake kwenye sid, kile chumba cha mvunja vinyago, akaona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde. Angeweza kusema mashine imechoka. Akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Kifurushi kilikuwa kimefika chumba cha kwanza na cha pili cha Debian, hakikuwa kimefika chumba cha tatu. Ubuntu, waliokuwa wakiandaa toleo la Aprili, walisogeza toleo lao la kujaribiwa kwa wiki moja wakafunga upya vifurushi vyao.

Hapa tunatoa maoni yetu wenyewe. Watu wameandika sana juu ya ujanja wa yule mwizi. Sisi tunamtazama yule aliyekuwa peke yake. Makampuni yenye fedha zisizohesabika yalitumia kazi yake kila siku, na alipozidiwa hakukuwa na wa kumpokea zamu. Kiwanda kikimwacha mtu mmoja alinde geti usiku na mchana mwaka mzima bila malipo, siku moja atampa funguo mtu wa kwanza mwenye maneno mazuri. Lile lingeitwa kosa la mlinzi? Tunafikiri hapana, na tunafikiri mafundi wetu wa kompyuta viwandani, ambao wengi ni mmoja mmoja, wanaamshwa usiku na hawana hata mkataba wa maana, wanastahili kuandikishwa katika chama kama mtu wa boila.

Ya kupeleka mezani

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya mshahara wake kwa maandishi kila anapolipwa. Kwa hiyo kompyuta inayoyatoa maelezo hayo si siri ya ofisi. Matawi yanapokwenda kujadiliana mkataba wa pamoja yaweke kifungu kwamba kila badiliko la programu inayogusa mshahara, masaa au uzito litaandikwa: limefungwa na nani, limejaribiwa wapi na lini, laweza kuleta matatizo wapi, na njia ya kurudi ni ipi. Ikiwa wageni wasiotujua wanaweza kuandikiana hivyo bila mshahara, mwajiri wetu naye anaweza. Na kiongezwe kwamba hakuna karani wala mpima mizani atakayepewa onyo kwa ajili ya kasoro ya mashine kabla daftari la mashine halijasomwa mbele ya mwakilishi.

Maswali ya vikundi vya masomo. Mahali penu pa kazi, ni kompyuta gani zinazogusa mshahara, masaa au kilo, na ziko chini ya nani? Zinajirekebisha zenyewe alfajiri, au kuna mtu anayezirekebisha, na mtu huyo ni mwanachama? Mara ya mwisho mizani au saa ya vidole ilipokosea, ofisi ilisema nini, na ilionyesha maandishi gani? Mkiwa na kompyuta moja kuukuu stoo, nani awezaye kuombwa aitoe? Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao, pamoja na jina la fundi wa kompyuta mliyezungumza naye, kama amekubali jina lake liandikwe.